Kabla ng'ombe hawajaingia shambani: namna ya kujua kilichopunguza mavuno yako

Mabua yamekauka, majani yanachakarika kwa upepo, na ukipita katikati ya mistari unaona kwa macho tu kwamba mwaka huu hali si nzuri. Shamba lililokupa gunia tisa kwa heka msimu wa neema halitafika hata nne. Ukiuliza kijijini kimetokea nini, utajibiwa neno moja: mvua.

Kwetu Kongwa, mkoani Dodoma, jibu hilo lina ukweli mwingi. Msimu wetu ni mmoja, Desemba hadi Aprili, na katikati yake, Januari ikielekea Februari, mvua ina tabia ya kukata wiki mbili, tatu, tukabaki tunatazama mawingu yanapita huku mahindi yamejikunja majani. Lakini mvua hiyo hiyo ilimnyeshea na kumkatia jirani aliyevuna gunia saba. Kati ya saba zake na tatu na nusu zako kuna kitu, na kitu hicho hakikutoka mbinguni. Mwongozo huu ni wa kukitafuta.

Nalima mahindi, mtama na alizeti upande huu, si mbali na soko la mahindi la Kibaigwa. Kwa miaka mingi nilikuwa nafungulia ng'ombe shambani kesho yake baada ya kuvuna. Wanakula mabua, na ushahidi wote unaondoka nao. Msimu unaofuata narudia makosa yale yale kwa sababu sikuwahi kuyaona. Ndiyo maana ombi langu la kwanza ni siku mbili: siku mbili shamba likiwa bado limesimama, ng'ombe wakiwa zizini.

Andaa kamba ya mita 20 iliyofungwa fundo kila mita moja, vijiti vinne, mizani ya kuning'iniza inayosoma gramu, jembe, mkeka, daftari na kalamu. Tafuta na mtu wa kushika kamba upande wa pili. Kazi hii ya peke yako haiendi.

Hatua ya 1: Hakikisha mahindi yamekomaa

Chomoa punje katikati ya mhindi utazame kitako chake, pale ilipokuwa imeshikana na gunzi. Ukikuta alama nyeusi, punje hiyo imeshafunga, haitaongeza uzito tena hata mvua ikirudi. Hapo unaweza kupima.

Kama umeshavuna na mabua bado yapo, hujachelewa kabisa. Utahesabu mabua shambani na utasoma mahindi kwenye lundo nyumbani, mradi hujayachanganya ya shamba hili na lile. Kama umeshapukuchua, hifadhi hata magunzi. Utaona baadaye kwamba nayo yanazungumza.

Hatua ya 2: Pima shamba lenyewe

Hapa ndipo hesabu za wengi zinapoharibika kabla hazijaanza. Tumezoea kusema heka ni hatua 70 kwa 70. Hatua za nani? Mtu mrefu mwenye hatua ya sentimita 90 atapata mita 63 kila upande, yaani karibu mita za mraba 3,970, na heka kamili ni 4,047. Hapo hajakosea sana. Mwenye hatua ya sentimita 75 atapata mita 52 na nusu kila upande, na eneo lake ni kama theluthi mbili tu ya heka. Huyo akivuna gunia nne atalia kwamba shamba limemtupa, kumbe kwa heka kamili ni gunia sita.

Zungushia kamba. Shamba likiwa na pembe za ajabu, ligawe katika vipande vya mstatili na pembetatu, pima kila kimoja, jumlisha. Mwenye simu janja anaweza kutumia programu ya kupimia eneo, azunguke mpakani nayo mara mbili na kulinganisha majibu. Andika eneo hilo kwenye jalada la daftari, maana litatumika kila mwaka.

Hatua ya 3: Weka miraba mitano

Huwezi kuhesabu kila bua, kwa hiyo unachagua miraba ya mita 5 kwa mita 5. Mitano inatosha kwa shamba la heka moja au mbili. Pigilia vijiti kwenye pembe, kisha pima kutoka pembe moja hadi ile inayoikabili kwa mshazari: ikiwa mita 7 na sentimita 7, mraba wako umenyooka. Ikiwa pungufu au zaidi, sogeza kijiti.

Ugumu hauko kwenye kamba, uko moyoni. Miguu yako itataka kukupeleka pale mahindi yalipostawi, au kama una hasira, pale yalipokufa kabisa. Zuia hilo kabla hujaingia: andika namba za hatua kwenye karatasi, kwa mfano hatua 20 mbele na 15 kulia, kisha 40 mbele na 30 kulia, uende ulikoandika na upime hapo hapo utakapoangukia, pawe pabaya pawe pazuri. Kaa angalau mita tano ndani kutoka mpakani. Mistari ya pembeni hupata mwanga na maji zaidi, na pia ndiyo inayoonjwa na mbuzi na wapita njia.

Shamba likiwa na bonde linalotuama maji na mwinuko wa kichanga, usiyachanganye. Pima kila upande peke yake. Mwaka wa mvua nyingi bonde ndilo huumia, mwaka wa jua huumia mwinuko, na wastani wa pande mbili utakuficha yote mawili.

Hatua ya 4: Hesabu vitu vitatu, kisha pima uzito

Ndani ya kila mraba hesabu kwanza mabua yote, hata yaliyoanguka. Pili, hesabu mahindi yenye punje. Tatu, hesabu mabua yasiyobeba kitu. Ndipo uvune mraba wote, upukuchue, upepete, na upime punje peke yake.

Ili kupata kilo kwa heka, zidisha uzito wa mraba mmoja kwa 162, kwa kuwa mraba wa mita za mraba 25 unaingia mara 162 katika heka. Kilo 100 ni gunia la kwetu. Wasomaji wa Kenya wagawanye kwa 90.

Uzito huo unasema kweli ikiwa punje ni kavu. Bila kipimo cha unyevu, tumia chumvi: chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, weka punje kiasi cha theluthi moja na vijiko viwili vya chumvi kavu, tikisa dakika moja, acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umepita asilimia 15. Anika tena ndipo upime. Ukiwa na kipimo na kikasoma asilimia 20, kilo 10 zako ni kama kilo 9.2 zikikauka hadi asilimia 13, kiwango kinachofaa kuhifadhi.

Sasa nikuoneshe namba za shamba langu mwaka wa kwanza nilipofanya kazi hii. Nilipanda sentimita 75 kwa 30, mbegu moja kila shimo. Kwa nafasi hiyo mraba wa mita za mraba 25 unatakiwa uwe na mabua 111. Wastani wa miraba yangu ulikuwa mabua 66. Kati ya hayo, 15 hayakubeba kitu. Mahindi yalikuwa 51, punje kilo 2.2, sawa na kilo 356 kwa heka. Gunia tatu na nusu.

Gawanya kilo 2.2 kwa mahindi 51: kila mhindi ulitoa gramu 43. Namba hizo tatu, mabua 66, mahindi 51, gramu 43, ndizo nilizokuwa nimekosa miaka yote. Gunia tatu na nusu inakuambia umepoteza. Hizi tatu zinakuambia umepotezea wapi: mabua yanapungua mwanzoni mwa msimu, mahindi yanakosekana katikati wakati wa kutoa maua, na gramu zinapungua mwishoni wakati wa kujaza punje.

Hatua ya 5: Soma mahindi yenyewe

Hii ndiyo hatua ninayoipenda, na ndiyo usiyopaswa kuiharakisha. Chukua mahindi 20 bila kuchagua, yamenye, yapange kwenye mkeka kama wanafunzi paredi.

Ukiona mapengo yametawanyika mwili mzima, punje chache kubwa za duara zimekaa mbalimbali kama meno ya mzee, tatizo lilikuwa siku za kuchavusha. Kila uzi mmoja wa ndevu za mhindi unakwenda kwenye punje moja. Uzi usiopata chavua, punje yake haizaliwi. Jua likikaza wakati huo, mbelewele, lile ua la juu ya bua, hupukutisha chavua kwa siku zake kama kawaida, lakini ndevu huchelewa kutoka. Zinapochungulia, chavua imekwisha. Ila kabla hujalaumu jua, tazama ncha ya maganda: viwavijeshi vamizi navyo hutafuna ndevu, na huacha uchafu kama unga wa mbao uliolowa pale vilipoingilia. Viwavi hao walifika Tanzania mwaka 2017, na tangu hapo alama zao ziko karibu kila shamba. Cha kuangalia ni wingi: mahindi mangapi kati ya 20.

Ukiona mwili umejaa lakini ncha ni tupu, na kwenye ncha hiyo kuna vipunje vidogo vilivyonyauka, basi uchavushaji ulifanyika. Mmea ulizipata mimba hizo kisha ukazitoa, kwa kuwa haukuwa na chakula au maji ya kuzilea zote. Mvua kukata wiki mbili za mwanzo baada ya ndevu hufanya hivyo. Njaa ya naitrojeni nayo hufanya vivyo hivyo, na mvua nyingi kupita kiasi inaweza kuleta njaa hiyo, maana huizamisha mbolea chini mizizi isikofika. Kuzitofautisha, kumbuka majani ya chini yalivyokuwa mahindi yakiwa mabichi: yakianza unjano kwenye ncha na kurudi nyuma kufuata uti wa kati, kama mkuki, hiyo ni naitrojeni. Piga picha kwa simu msimu ukiendelea, macho husahau.

Mhindi uliojaa hadi ncha lakini punje ni nyembamba, zimekunjamana, ni mvua iliyoondoka mapema mwishoni. Hesabu punje 100 uzipime. Zilizojaa vizuri hukaribia au kupita gramu 30.

Halafu hesabu mistari; hii inasomeka hata kwenye gunzi tupu. Zungusha mhindi mkononi, weka alama ya kalamu mstari wa kwanza ili usijichanganye. Utakuta 12, 14, 16; siku zote ni namba shufwa. Idadi hiyo hutegemea sana aina ya mbegu, na hupangwa mapema mno, mmea ukiwa haujafika hata gotini. Urefu wa mstari, yaani punje ngapi kutoka kitako hadi ncha, hupangwa baadaye. Kwa hiyo mbegu ambayo kwa kawaida hutoa mistari 14 ikikupa 12 karibu shamba zima, mimea yako iliumia utotoni, kabla ya ukame unaoukumbuka.

Mwaka ule nilibeba mahindi yangu 20 hadi kwa mama mmoja jirani, aliyevuna gunia saba. Tulikuwa tumepishana siku tatu tu kupanda, mbegu aina moja, udongo mmoja mwekundu wa tifutifu. Nikamwamkia, akaitikia, "Marahaba mwanangu, umekuja kunionesha msiba?" Tukayapanga yangu na yake mkeka mmoja, ubavu kwa ubavu. Akayatazama muda mrefu, akasema, "Haya mahindi ni mapacha. Tofauti ni kwamba yangu ni mengi."

Alikuwa sahihi kwa kiasi kikubwa. Tulipopima shambani kwake, mraba ulikuwa na mabua 98, mahindi 88, kilo 4.3. Ukigawanya, kila mhindi ni gramu 49. Jua lililonipiga mimi lilimpiga na yeye, mhindi kwa mhindi. Kilichonitenga naye ni mabua 32 ambayo kwangu hayakuwepo kabisa.

Lakini tulipohesabu mistari, undugu ule ukapungua. Yake mengi 14. Yangu mengi 12. Nikamwambia, "Mama, yangu yalikuwa na nafasi kuliko yako, yalitakiwa yawe makubwa zaidi." Akaniuliza nilipalilia lini. Wiki ya sita. Yeye alipalilia wiki ya tatu. Hakuongeza neno.

Hatua ya 6: Chimba

Ng'oa mashina matano kwa jembe, taratibu, kutoka sehemu mbalimbali. Mizizi ikishuka na kusambaa, vizuri. Ikishuka sentimita 15 au 20 kisha ikakunja kona na kutambaa pembeni, umekutana na tabaka gumu lililotengenezwa na plau au jembe kwa kulima kina kile kile kila mwaka. Shamba la namna hiyo linakauka haraka jua likiwaka na linatuama maji haraka mvua ikizidi, kwa hiyo hulaumu hali ya hewa kila mwaka kwa sababu mbili tofauti.

Pasua mabua machache kwa kisu utafute njia za funza. Tazama kama kuna kiduha, lile gugu lenye maua ya zambarau linalonyonya mizizi ya mahindi na mtama. Palipotuama maji, andika eneo lake. Mahindi machanga, yenye majani chini ya sita, yakizama siku mbili hadi nne hufa, na pengo lake haliwezi kuhesabiwa kama kosa la mbegu.

Wakati uko hapo hapo, chukua udongo wa kupeleka maabara: sehemu 15 kwa kuzunguka shamba kwa mwendo wa nyoka, kina cha sentimita 20, changanya kwenye ndoo safi ya plastiki, punguza hadi nusu kilo, anika kivulini. Kituo cha utafiti wa udongo cha TARI Mlingano kule Tanga na Chuo Kikuu cha Sokoine Morogoro hupima. Afisa ugani wako atakuambia njia iliyo karibu. Si lazima kila mwaka.

Hatua ya 7: Chora msimu kwenye karatasi

Chora mstari mrefu kuanzia Novemba hadi Mei. Juu ya mstari andika mvua, chini yake andika kazi zako: siku ya kupanda, kuota, palizi ya kwanza, mbolea ya kukuzia, siku mbelewele zilipotoka, siku ndevu zilipotoka.

Mvua uliipima? Kama hukuipima, omba kwa shule au kituo cha karibu chenye kipimo, au kwa jirani anayeandika, au kaeni watu watatu mkumbushane kwa matukio: msiba fulani, mnada fulani, siku daraja lilipofurika. Kwa msimu ujao weka kopo la pande zilizonyooka juu ya mti uliokatwa, mbali na paa na matawi, na kila asubuhi tumbukiza rula. Milimita moja ni lita moja kwenye kila mita ya mraba. Mahindi kwa msimu mzima yanahitaji takriban milimita 500 hadi 800, lakini jumla hiyo inadanganya: milimita 600 zilizonyesha vizuri na milimita 600 zilizoacha wiki tatu tupu kwenye ndevu hazivuni sawa. Angalia siku za ukavu zilidondokea wapi kwenye mstari wako. Wiki mbili kabla ya ndevu na wiki mbili baada yake ndizo za kutazama kwa makini.

Kwangu, mstari ulionesha kitu ambacho sikukitarajia. Wiki ya kupanda na inayofuata mvua ilikuwa nzuri. Hakukuwa na ukavu wala gharika ya kuua mbegu 45 katika kila 111. Mbegu zenyewe zilikuwa mbovu. Nilinunua duka moja ambalo sitalitaja, pakiti niliitupa, risiti sikuomba, kwa hiyo sikuwa na pa kudai. Sasa nakwangua lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, na kuihakiki kwa simu kabla ya kutoka dukani, nahifadhi pakiti na risiti ndani ya daftari, na wiki mbili kabla ya kupanda nafunga mbegu 100 kwenye kitambaa chenye unyevu, nahesabu zilizoota siku ya saba. Zikiwa chini ya 90, narudi dukani mapema.

Hatua ya 8: Gawa hasara

Tafuta jirani wawili au watatu waliopanda karibu na siku zako, udongo unaofanana. Waulize gunia walizopata mwaka mzuri na walizopata mwaka huu. Mama yule mwaka mzuri huvuna 12, safari hii saba. Alifanya kazi zake zote kwa wakati, kwa hiyo anguko lake ni la hali ya hewa: alibaki na asilimia 58 hivi.

Mimi mwaka mzuri huvuna tisa. Hali ya hewa ikiniachia asilimia 58 kama yeye, ningepata gunia tano na robo. Nilipata tatu na nusu. Basi kati ya gunia tano na nusu nilizopoteza, karibu tatu na robo tatu zilikwenda na jua, na karibu moja na robo tatu zilikwenda na mbegu mbovu na palizi ya kuchelewa. Si hesabu ya mizani, ni makadirio, na jirani wawili ni bora kuliko mmoja. Hata hivyo ilitosha kunionesha kwamba gunia moja na robo tatu kwa kila heka ziko mikononi mwangu, ng'ambo ya mvua kabisa. Na zile tatu zinazonitenga naye hata mwaka wa neema, 12 kwa tisa, ni za rutuba ya udongo. Hizo zina dawa yake ya samadi na muda.

Uadilifu unahitajika hapa kwa pande zote mbili. Ipo miaka ambayo utapima kila kitu na kukuta ulifanya yote sawa, jirani zako wote wameanguka kama wewe, na mvua ndiyo yenye deni lote. Andika hivyo hivyo. Mkulima anayejilaumu kwa ukame hubadilisha mbegu nzuri na nafasi nzuri bila sababu, akaharibu mwaka unaofuata.

Hatua ya 9: Kabla hujauza hata debe

Jua debe moja linalisha nyumba yako siku ngapi; mwenye kujua ni anayepika, muulize. Zidisha hadi mwezi wa mavuno yajayo, ongeza mwezi mmoja wa kuchelewa. Chakula kikitoka pungufu, ni afadhali uuze mbuzi sasa wakiwa na afya kuliko kuuza mahindi bei ikiwa chini na kuyanunua Januari. Kama una mkopo kwenye kikundi, nenda na namba zako mapema, kabla siku ya rejesho haijafika. Toa taarifa kwa mtendaji wa kijiji na afisa ugani. Kama una bima ya mazao, soma mkataba: bima nyingi hulipa kwa kipimo cha mvua au wastani wa eneo, si kwa shamba lako peke yako.

Na hili nalisema kwa uzito wote. Mahindi yaliyoteswa na jua, kisha yakapasuka au kutobolewa na wadudu, hushika ukungu unaotoa sumukuvu kwa urahisi. Mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara watu 68 waliugua na 20 walifariki kwa sumu hiyo. Haionekani wala kuonjwa, na kupika hakuimalizi. Chambua kwa mkono: toa punje zenye ukungu, zilizobadilika rangi, zilizovunjika, zilizosinyaa. Usiwape watoto wala kuku zile ulizotoa, usizipeleke mashineni kwa kusema zitachanganyika. Anika juu ya turubai, kamwe si ardhini, kisha hifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Mwaka wa gunia tatu na nusu kutupa nusu debe kunauma sana. Litupe.

Hatua ya 10: Chagua mambo mawili

Daftari litakuwa limekuonesha makosa saba. Chagua mawili yaliyokula gunia nyingi. Mabua machache: jaribu mbegu mapema, rudishia mapengo ndani ya siku kumi baada ya kuota. Mistari michache: palizi ya kwanza kabla ya wiki ya tatu kwisha. Mapengo ya ukame wa Februari: panda na mvua ya kwanza ya uhakika, tumia mbegu ya muda mfupi kama Situka, au peleka sehemu ya mwinuko kwenye mtama kama Macia. Tabaka gumu: chimba mashimo kama yale ya wakulima wa Chololo hapa Dodoma, yanayokusanya maji na samadi pale pale mmea ulipo, au tengeneza matuta yaliyofungwa kwa udongo kila baada ya mita chache ili maji yasikimbie.

Acha mistari kumi ulime kama zamani, bila badiliko lolote. Bila hiyo, mwakani mavuno yakipanda hutajua kama ni kazi yako au ni mvua.

Kwa mtama na alizeti utaratibu ni ule ule: hesabu mashina, hesabu mashuke au vichwa, gawanya uzito. Kwenye mtama ongeza hesabu ya mashuke yaliyoliwa na ndege. Kwenye alizeti bonyeza mbegu za katikati ya kichwa uone kama ni pepe.

Funga daftari pamoja na pakiti ya mbegu ndani yake, liweke pasipofikiwa na panya. Mabua ya mistari uliyokuta tabaka gumu yalaze juu ya udongo yabaki hapo. Mengine waachie ng'ombe, wafungulie sasa.